Mtamba Aliyekwenda Ulaya

Watu wanadhani mnadi lazima apige kelele. Mzee wetu wa Mnada alinong'ona. Ibada ikiisha tunatoka nje, wanaume wanakaa kwenye mawe upande wa juu, sisi wanawake kwenye nyasi, meza ya kanisa inatolewa, naye anasimama nyuma yake ameshika yai kwa vidole viwili. Anasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Yai hili. Senti tano." Ili umsikie, unyamaze. Na mkinyamaza wote, kila mtu anamwona aliyeinua mkono na aliyeinamisha kichwa. Hapo ndipo alipotukamata.

Jina lake nalijua, siliandiki. Wajukuu zake na wangu wanasalimiana. Sisi tulimwita Mzee wa Mnada hata mbele ya uso wake, na alipenda.

Kwa asiyejua desturi yetu nieleze. Huku milimani Iringa, wakati wa Mwingereza, pesa ilikuwa adimu, kwa hiyo sadaka ililetwa kwa vitu: mahindi, maharage, viazi, kuku, mzigo wa kuni. Vitu vinanadiwa, pesa inaingia kanisani. Na juu ya hapo kulikuwa na kurudisha. Ukinunua kuku humpeleki nyumbani. Unalipa, unasema "namrudisha," na kuku anauzwa tena. Nilimwona jogoo mmoja akiuzwa mara sita Jumapili moja, mpaka akalala mezani amechoka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima urudishe. Lakini wewe jaribu kuondoka na kuku wako! Mzee wa Mnada alikuwa anakusindikiza kwa macho mpaka unafika kwenye kona ya njia, halafu ananong'ona, na wote tunasikia: "Mwacheni mama. Anakwenda kula nauli ya mtoto wetu."

Huyo mtoto wetu hakuwa mtoto wa mtu kati yetu pale kwenye nyasi. Alikuwa kijana mwalimu, yatima, aliyelelewa misheni, na akili zake zilikuwa kali kweli, hilo silikatai. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma Ulaya. Nafasi ilipatikana bure. Nauli ya meli, nguo za baridi na pesa ya kuanzia, hapana. Tukaanza kumwita Msafiri kabla hajapanda hata basi la kwenda Dodoma. Na Mzee wa Mnada akabeba safari ile kama mwanamke anavyobeba mimba. Mavuno mawili mazima hakuzungumza habari nyingine.

Alikuwa mwerevu wa kutisha. Jumamosi alipita kwenye mzani wa pareto, hauzi, hanunui, anasalimia tu. "Kamwene, mama. Maua yamekauka vizuri mwaka huu?" Wewe unaona mzee ana heshima. Jumapili yeye anajua fundo la kaniki yako lina shilingi ngapi, na akifika kwenye kapu la maharage anakutazama wewe tu, hatazami mwingine.

Lakini hakuwahi kumdanganya mtu juu ya kitu kilicho mezani. Yai la zamani alilitikisa sikioni na kusema, "Hili silielewi, anunue mwenye imani." Kuku mwenye kikohozi alimtangaza kwamba ana kikohozi. Watu walicheka, wakanunua hivyo hivyo. Kwa muda mrefu hilo lilinichanganya. Nilifikiri mtu asiyeweza kudanganya juu ya yai hawezi kudanganya juu ya jambo jingine lolote.

Bahari hakuwahi kuiona. Kila askari aliyerudi kutoka vita vya Burma alikaliwa kitako na kuulizwa. Namkumbuka mmoja, fundi seremala, alivyohojiwa mbele yetu sote.

"Meli ikisimama katikati ya maji, inaegemea nini?"

"Haiegemei kitu, Mzee. Inaelea."

"Haiegemei kitu?"

"Hata kidogo."

"Na nyinyi mnataka mtoto wetu apande kitu kisichoegemea?"

"Sasa sisi tunataka nini, Mzee! Si wewe unayempeleka?"

Tulicheka mpaka mama mmoja akadondosha mtoto mgongoni. Yeye hakucheka. Alimvuta yule seremala pembeni, akaambiwa kwamba katikati ya meli hakuyumbi sana kama mbele. Basi tangu wiki ile akataka pesa zaidi, Msafiri apate kulala katikati. Hebu fikiri. Watu hawana chumvi, yeye ananadi mahali pa kulala ndani ya meli.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliuchukia. Alikuwa na mianzi yake nyuma ya nyumba, mirefu, mizuri, na msimu wa mvua haruhusu mtu kuigema. Mwanamke aliyeuza ulanzi alitengwa na meza ya Bwana kwa sababu ya maneno ya Mzee wa Mnada. Mwaka wa pili, nauli ilipokuwa bado inapungua, mama yule yule akaja na shilingi nane mkononi, akazisukuma mezani mbele ya watu. Tukangoja tuone. Mzee wa Mnada akaziinamia, akanusa, akatikisa kichwa. "Hazinuki," akasema, akazitia kwenye mfuko wa turubai. Yule mama akauliza, "Basi na mimi nirudi mezani kwa Bwana?" Akamwambia, "Hilo ni la Mchungaji, mimi ni wa mnada tu." Mama akabaki nje, shilingi zikaingia.

Asije mtu akadhani alikula. Hakula hata senti. Koti lake liliuzwa. Baiskeli yake iliuzwa, akawa anakwenda Iringa mjini kwa miguu, siku mbili kwenda na mbili kurudi, kufuatilia karatasi za Msafiri. Mwezi wa Julai, baridi inapounguza majani ya viazi, alinadi blanketi lake mwenyewe, akalala chini ya magunia. Mke wake alisimama siku ile kwenye nyasi zetu, mwanamke mnyamavu yule, akasema kwa sauti, "Nani ataninunua na mimi? Maana humu ndani nimebaki peke yangu." Watu wakadhani ni mzaha. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona hacheki.

Na alikuwa na binti. Aliwashinda wavulana wote katika darasa la ubatizo. Alisoma kitabu kwa kukitazama mara moja. Bibi wa misheni alitaka kumpeleka shule ya bweni, ada ilikuwa ndogo. Baba yake akasema, "Mmoja kwanza." Ndilo neno lake lile. Ukilalamika kwamba mtoto wako hana nguo, mmoja kwanza. Paa la kanisa linavuja, mmoja kwanza. Binti akaendelea kuchota maji, akaolewa bonde la pili, na sasa anasoma barua za wenzake kwa malipo ya vibaba vya unga.

Sasa nije kwangu, maana sikukaa chini kuandika habari za blanketi.

Niliolewa Mbeya, na fundi wa malori kwenye gereji ya Mhindi. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Sitasema mengi. Mwaka wa pili nilirudi kwa baba nimeshika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wa kulia, kwa sababu ulikuwa hauwezi kujibeba wenyewe. Aliyenifunga ule mkono ni Mzee wa Mnada. Alikata mwanzi, akaupasua vipande, akavipanga juu ya mfupa kwa utaratibu ambao hata mama yangu hakuwa nao. Nilipolia, naye machozi yalimtoka. Akamwambia baba, "Ndugu yangu, huyu harudi kule. Rudisha mahari yao."

Baba alikubali. Mahari yangu ilikuwa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, pamoja na majembe na pesa kidogo, vilivyokwisha kurudishwa. Kilichobaki ni mtamba. Wazee wa pande mbili wakakubaliana: watu wa mume wangu watapanda kutoka Mbeya, watamchukua mtamba mbele ya mashahidi, na mimi nitakuwa huru. Siku ikawekwa, Alhamisi. Mtamba alikuwa mwekundu mwenye kipaji cheupe, na nilimkatia majani mwenyewe kwa mkono mmoja. Usiku nilimsikia akicheua upande wa pili wa ukuta, nikalala. Yeye ndiye aliyekuwa mlango wangu wa kutokea.

Jumapili kabla ya Alhamisi ile ilikuwa mnada wa mwisho wa safari. Ijumaa Mzee wa Mnada akaja kwetu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunong'ona na baba.

"Watu wamechoka na kuku, ndugu yangu. Nahitaji kitu cha kuwaamsha. Niazime mtamba."

"Yule si wangu tena. Ana wenyewe."

"Simuuzi. Namzungusha tu. Mtu atatoa shilingi ishirini, atarudisha, mwingine atatoa thelathini, atarudisha. Mwisho unatoa wewe shilingi moja ya heshima, unamfungua kamba, jioni yuko zizini. Kwani hujui desturi?"

Baba alijua desturi. Na baba, Mungu amrehemu, alipenda kutazamwa. Nilisema, "Baba, usimtoe." Akasema, "Nyamaza. Ni kanisani, si sokoni."

Basi mtamba akaletwa mbele ya meza, amefungwa ua la pareto kwenye pembe. Watu waliimba. Baba aliimba kuliko wote. Mwalimu akatoa ishirini, akarudisha. Seremala akatoa ishirini na tano, akarudisha. Mchuuzi wa pareto akatoa arobaini, akarudisha, na watu wakapiga vigelegele. Halafu kutoka nyuma, karibu na barabara, mtu akasema shilingi mia na kumi.

Alikuwa mwenye bucha kutoka Iringa mjini. Sikuwahi kumwona kwenye ibada yetu, na siku ile pia hakuwa ameingia. Alisimama na mchungaji wake wa ng'ombe, fimbo tayari. Mzee wa Mnada akanong'ona, "Mia na kumi, mara ya kwanza." Hakusubiri sana. "Mara ya pili." Nikasimama. "Mara ya tatu." Akapiga meza kwa kiganja.

Mwenye bucha akahesabu noti, akamfungua mtamba, akaondoka. Hakusema namrudisha. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wanarudisha. Nilimtazama baba, baba akamtazama Mzee wa Mnada, na Mzee wa Mnada akainama akaanza kufunga mfuko. Mtamba alipofika kwenye kona ya njia akaita mara moja.

Mtauliza kwa nini baba hakupiga kelele. Apige kelele aseme nini? Kwamba sadaka aliyoiimbia ilikuwa ya kuazima? Kwamba alipanga kumrudisha nyumbani jioni? Mbele ya kanisa zima, na Mchungaji amekwisha kumshika mkono na kumshukuru? Alikaa juu ya jiwe lake akitabasamu mpaka watu wakaisha. Nyumbani hakula. Jumatatu alikwenda kuomba pesa irudi. Akaambiwa imekwisha pelekwa misheni, na kwamba mwenye bucha alikosea, hakuijua desturi. Mzee wa Mnada alisema hivyo akiwa ameshika mikono miwili ya baba. "Ni kosa, ndugu yangu. Kosa la mgeni."

Alhamisi watu wa mume wangu walikuja, wakakuta kamba tupu. Hawakutaka ahadi. Walisema ng'ombe au mwanamke, na walikuwa na haki yao. Baba akaniambia, "Nenda mwanangu, mwakani tutapata mwingine." Ninyi mmewahi kuiona mwakani hiyo? Mimi bado.

Mzigo wangu hadi barabarani ulibebwa na Mzee wa Mnada. Aliutoa kichwani kwa mama yangu, akaubeba mwenyewe, mlima mzima, mpaka lori lilipokuja. Mimi sikumshukuru.

Msafiri akaenda Ulaya. Na alirudi. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana angepotea huko, angeoa Mzungu akatusahau, ningejua niseme nini. Alirudi baada ya miaka minne, akapewa kazi ya ukaguzi wa shule hapo hapo Mbeya, na akaifanya. Alitembea vijijini kwa miguu kama sisi. Binti yangu wa kwanza alisomea darasa aliloligombania yeye. Kwa hesabu ya Mzee wa Mnada kila kitu kilikwenda sawa.

Nilimwona tena Mzee wa Mnada miaka michache baada ya Msafiri kurudi, asubuhi moja Mbeya, nikitoka kuuza mboga. Alikuwa amekaa kwenye baraza la ofisi za serikali, amevaa koti la mtu mwingine, miguu ina vumbi la safari. Amezeeka, kifua kinapiga filimbi. Nilitaka kupita. Miguu ikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti." Akanitazama sana. "Ni wewe? Umekonda."

"Nimekonda."

"Nimekuja kumwona mtoto wetu. Nataka barua yake. Tuna kijana mwingine, ana akili huyo, acha tu! Msafiri akiandika barua, huko Ulaya watampokea. Mnada tutaanza mavuno haya."

Niliweka tenga langu chini. "Mzee, nataka kukuuliza neno moja. Yule mwenye bucha. Ulimjua?"

Akakohoa, akafuta mdomo kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemwita," akasema. "Nilimfuata Iringa siku ya Jumatano. Zilipungua shilingi mia, binti yangu. Meli ilikuwa haingoji."

"Siku ya Jumatano. Na Ijumaa ukakaa kwenye kigoda cha baba."

"Nilikaa."

"Ulijua ninarudi kwa nani?"

"Nilijua kuliko baba yako." Macho yake yalikuwa na maji, ila kwa wazee huwezi kujua ni nini. "Nilisema, mmoja kwanza. Halafu tutawainua wengine, na wewe. Usiingie kumwambia. Nilimwambia pesa zake zote zilitoka kwa watu waliofurahi. Akijua vingine hataandika barua. Namjua, ana moyo mwepesi."

Niliingia. Sikugonga. Msafiri alikuwa nyuma ya meza, akasimama, akanivutia kiti, "Karibu, dada, nikusaidie nini?" Nikamweleza nikiwa nimesimama: mtamba, mnada, bucha, mkono wangu, Alhamisi. Nikamwambia, "Sitaki pole. Nataka mtamba mmoja, au bei yake, apewe mume wangu mbele ya mashahidi, niondoke nyumbani kwake. Basi."

Kalamu ilimtoka mkononi. Mzee wa Mnada alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni ameshika kofia.

"Mzee," Msafiri akauliza, "ni kweli haya? Kuna mtu alirudishwa kwa mume anayempiga kwa ajili ya nauli yangu?"

Mzee wa Mnada akaja, akaweka mkono begani kwangu, mkono mwepesi kama wa baba, akanong'ona. Sote wawili tuliinama kumsikia.

"Binti huyu nyumba yake ina shida, mwanangu. Amesumbuka sana, akili imechoka. Tumwombee. Ng'ombe yule alitolewa kwa furaha. Baba yake aliimba."

Na kweli baba aliimba. Niseme nini? Nikamwona Msafiri anavyonitazama, kwa upole, kama wanavyomtazama mgonjwa anayetembea barabarani. Uso wake ulipata nafuu. Aliinama akafungua droo, akanipa noti ya shilingi kumi. "Chukua, dada, ikusaidie. Na ukiwa na tatizo la shule ya watoto, njoo hapa wakati wowote." Halafu akamwambia mzee akae, akaagiza chai, akavuta karatasi nyeupe na kuuliza jina la yule kijana mpya.

Nilizichukua zile kumi. Watoto walikuwa wawili na unga umekwisha.

Nilifika nyumbani jua limekwisha kupita utosini. Mume wangu alikuwa amerudi kula, hakukuta chakula, amesimama mlangoni. Akauliza nilikuwa wapi na nani. Nilipofungua fundo la kaniki kumwonyesha noti, ili asidhani ubaya, akainyoosha dirishani kuona kama ni nzima, akaitia mfukoni, halafu akafunga mlango.